Bonge la pikipiki linavyokula kona bila kuyumba

UKISIKIA mbio za pikipiki, picha inayokuja kichwani haraka ni ya MotoGP. Pikipiki nyembamba kama panzi, dereva kalala kwenye kona hadi goti linakwaruza lami.

Sasa ifute hiyo. Weka picha ya pikipiki yenye uzito wa karibu kilo 380. Ina redio, ina kioo cha kukinga upepo, ina kiti kipana kama kochi la sebuleni na mabegi mawili magumu pembeni, yale ya kuwekea nguo za safari ya wiki nzima. Huo ndio mzigo ambao Wamarekani waliamua kuuingiza uwanjani na kuushindanisha.

Ilikuwa Oktoba 2020 katika uwanja wa Laguna Seca, California. MotoAmerica, ambao ndio wanaoendesha mbio kubwa za pikipiki za lami nchini humo, waliandaa mbio za mwaliko na kuzipa jina la King of the Baggers. ‘Bagger’ ni jina la mtaani la Wamarekani kwa pikipiki nzito za safari zenye mabegi. Kwa wengi ilikuwa kichekesho. Ni kama uambiwe leo kuna mashindano ya mabasi ya mikoani kukata kona.

Halafu Laguna Seca siyo uwanja wa kujaribia mambo. Pale kuna kona maarufu inaitwa Corkscrew. Dereva akiingia, anakata kushoto na kulia fasta huku ardhi inaporomoka mita 18 chini yake. Hiyo ni ghorofa tano. Pikipiki ikiwa na kitu kimelegea, pale ndipo inapomuumbua dereva.

Mbio zikapigwa. Tyler O’Hara, akiwa juu ya Indian Challenger, akashinda, na kicheko kikaanza kugeuka mjadala. Mwaka uliofuata yakawa mashindano ya msimu mzima. Kyle Wyman akalibeba taji la 2021 akiwa na Harley-Davidson, O’Hara akalichukua 2022 na Indian, Hayden Gillim akalirudisha kwa Harley 2023, kisha 2024 akatua Troy Herfoss, bingwa wa Superbike wa Australia, akalibeba kwenye msimu wake wa kwanza akiwa na Indian. Misimu minne, mabingwa wanne tofauti. Harley mbili, Indian mbili. Hiyo ni dabi kamili.

Kwenye uwanja wa Daytona, mabonge hayo yanapita spidi ya kilomita 280 kwa saa yakiwa na mabegi yake pembeni.

Swali ambalo shabiki yeyote angejiuliza ni moja tu. Kitu kizito namna ile kinatuliaje? Jibu lake lina faida kubwa zaidi nje ya uwanja, kwa maelfu ya watu wanaosafiri na pikipiki za aina hii kwenye barabara kuu, wengine wakiwa na wake zao nyuma na mizigo juu. Kwao kuyumba siyo suala la kupoteza pointi. Ni suala la kufika au kutofika.

MAGONJWA NI MAWILI

Mafundi wa pikipiki wanagawa kuyumba katika makundi mawili makubwa, na ukiyachanganya unaweza kutibu goti wakati mgonjwa anaumwa jino.

La kwanza ni usukani kucheza. Tairi la mbele linaanza kupiga kushoto na kulia haraka haraka, kati ya mara nne na mara 10 kwa sekunde. Mara nyingi hutokea dereva anapopunguza mwendo, au anapoachia mkono mmoja kwenye usukani. Mikono inahisi kama imeshika mashine ya kukoboa.

La pili ni mwili mzima kuyumba. Hapa usukani unaweza kuonekana umetulia, lakini pikipiki yote inajipinda kushoto kulia kama samaki anayeogelea, mara mbili hadi nne kwa sekunde. Hili linapenda spidi kubwa, linapenda kona ndefu, na linapenda zaidi pikipiki iliyobebeshwa mzigo mzito nyuma. Ndilo linaloogopwa zaidi na watu wa pikipiki za safari.

Piga hesabu ndogo uone uzito wake. Kwa spidi ya kilomita 120 kwa saa, pikipiki inatembea mita 33 kila sekunde. Uwanja wa soka una urefu wa mita 105. Maana yake dereva akishtuka na kutumia sekunde tatu kujiuliza kinachoendelea, ameshatoka goli moja na anakaribia kufika goli la pili akiwa anayumba. Na mbele yake kuna lori.

ISHU ILIANZIA KWENYE MIPIRA

Kuelewa kwa nini Harley zinatajwa sana kwenye hili, inabidi kurudi 1980. Mwaka huo kampuni hiyo ya Milwaukee ilileta pikipiki ya safari inayoitwa FLT Tour Glide. Injini ya Harley ina silinda mbili zilizokaa kama herufi V, na mtetemo wake si wa kitoto. Kwenye safari ndefu dereva alikuwa anafika mikono imekufa ganzi.

Wahandisi wakapata dawa. Badala ya kuifunga injini moja kwa moja kwenye fremu, wakaikalisha kwenye mipira. Mtetemo unaishia kwenye mpira, dereva anakaa raha. Kwenye starehe walipiga bao.

Lakini kila mfumo wa uchezaji una gharama yake. Kwenye pikipiki hizi, ule mkono wa chuma unaoshika tairi la nyuma umefungwa kwenye giaboksi, na giaboksi imeungana na injini. Kwa hiyo injini, giaboksi na tairi la nyuma vinaelea pamoja juu ya mipira. Ili vitu hivyo visitembee kwenda pembeni, kuna vyuma vidogo vya kuvishikilia. Mipira na vyuma hivyo vikiwa vizima, kila kitu kiko sawa. Vikichoka, tairi la nyuma linaanza kuhama kidogo kushoto na kulia bila ruhusa ya dereva. Hapo pikipiki inakuwa na sukani mbili, mmoja mkononi kwa dereva na mwingine nyuma usio na mwenyewe.

Mwaka 2009 Harley ilizipa pikipiki zake za safari fremu mpya iliyo ngumu zaidi, na malalamiko mengi yakapata majibu. Hata hivyo zile za zamani bado zipo barabarani kwa wingi, na hata mpya, mpira ni mpira. Unazeeka.

Kuna jambo lingine ambalo wengi hawalijui. Kwenye Street Glide, lile kava kubwa la mbele lenye taa na kioo limefungwa kwenye usukani wenyewe. Kwenye Road Glide limefungwa kwenye fremu, muundo uliorithiwa kutoka ile Tour Glide ya 1980. Tofauti yake unaipata ukipishana na lori kubwa. Kava lililo kwenye usukani likisukumwa na upepo, usukani nao unasukumwa. Lililo kwenye fremu linaupokea upepo lenyewe na kuuacha usukani kwa dereva.

WAJAPANI, WAJERUMANI NA HESABU ZAO

Honda waliingia kwenye soko hili wakiwa na falsafa tofauti. Gold Wing ya kwanza iliyoingia sokoni 1975 ilikuwa na silinda nne zilizolala ubavu, mbili kila upande, na tenki la mafuta likawekwa chini ya kiti. Uzito wote ukashuka chini. Ni sawa na kiungo mfupi ambaye ukimsukuma haanguki, kwa sababu uzito wake uko karibu na nyasi.

Mwaka 2018 wakaenda mbali zaidi. Gold Wing mpya ikaja na mfumo wa mbele unaofanana na wa gari, ambapo kazi ya kugeuza tairi imetenganishwa na kazi ya kupokea mashimo. Kwenye pikipiki ya kawaida zile shokapu mbili za mbele zinafanya kazi zote kwa pamoja, na ukipiga shimo, mshtuko unakuja hadi mkononi. Kwenye Gold Wing hiyo mshtuko mwingi unaishia chini.

BMW nao kwenye pikipiki zao kubwa za K 1600 wanatumia mfumo wenye wazo hilohilo, unaotokana na ubunifu wa Norman Hossack.

Makampuni tofauti, njia tofauti, lakini wote wanapigana na adui mmoja. Usukani usisumbuliwe na kitu kingine chochote zaidi ya mikono ya dereva.

WATU WA MBIO WALIFANYA NINI?

Rudi sasa kwa wale wa King of the Baggers. Pikipiki ya safari ikitoka kiwandani, ukiilaza kwenye kona hadi karibu digrii 30, sehemu za kuwekea miguu zinaanza kukwaruza lami. Kwa mtu wa safari inatosha. Kwa mtu wa mbio ni sawa na kucheza fainali umevaa kandambili.

Timu zikainyanyua pikipiki nzima juu. Sehemu za miguu zikatolewa na kupandishwa. Shokapu za kawaida zikapisha shokapu za mbio, mbele na nyuma. Mkono wa tairi la nyuma ukatengenezwa upya kwa aluminiamu. Breki zikawa zile za Superbike, magurudumu ya inchi 17 yakaingia na matairi laini ya mbio juu yake. Uzito ukakatwa hadi kukaribia kilo 280, ambacho ndicho kiwango cha chini kinachoruhusiwa na kanuni. Mabegi yakabaki, maana bila mabegi hakuna mashindano.

Injini nazo zilipandishwa nguvu, ndiyo. Lakini nguvu hiyo isingekuwa na kazi kama chini kungekuwa kumelegea. Ni kama kusajili straika wa mabao 30 halafu huna kiungo wa kumletea mpira.

Somo hilo halikubaki uwanjani. Harley walipotoa Street Glide na Road Glide mpya za 2024, moja ya vitu walivyobadilisha ni shokapu za nyuma, ambazo sasa zinashuka na kupanda milimita 76, nusu zaidi ya zilizotangulia.

Lakini shabiki asije akakimbilia gereji na kuagiza anyanyuliwe pikipiki kama ya Wyman. Pikipiki ya mbio inaendeshwa na mtu mmoja, kwenye lami safi, na mabegi yake ni matupu. Ya safari ina abiria, ina mzigo, na inakutana na mchanga, mafuta yaliyomwagika na mbwa wanaovuka. Alichofaa kuiga siyo vifaa vyao. Ni utaratibu wao wa kukagua kila kitu.

ANZA NA KILE CHA BURE

Hapa ndipo wengi wanapopigwa bao. Pikipiki ikiyumba tu, mwenye nayo anakimbilia kununua kifaa cha bei mbaya, anakifunga, na bado inayumba. Mafundi wazoefu wanakwenda kwa mpangilio, kutoka kile kisicho na gharama hadi kile cha gharama.

Kwanza upepo. Tairi lenye upepo mdogo kwenye pikipiki ya kilo 380 linajikunja ubavuni kila ukiingia kona, na mwili mzima unayumba. Kwa Harley nyingi za safari kipimo cha kiwandani ni psi 36 mbele na 40 nyuma, lakini kipimo cha uhakika ni kile kilichoandikwa kwenye kitabu cha pikipiki yako au kibandiko chake. Na kipimwe asubuhi tairi likiwa baridi. Ukipima umetoka kukimbia kilomita 50, geji itakudanganya, maana joto linapandisha upepo.

Pili tairi lenyewe. Pitisha kiganja juu ya tairi la mbele. Kama linapanda na kushuka kama ngazi, limeliwa vibaya na litautikisa usukani hata ufanye nini. Kisha soma namba nne za mwisho kwenye ule mstari wa herufi DOT ubavuni. Zikisomeka 2319, limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi linaweza kuwa na meno mazuri kabisa huku mpira wake umeshakauka. Na pikipiki nzito inataka tairi lililotengenezwa kubeba uzito huo. Kufunga tairi lolote linaloingia kwenye rimu ni kujitafutia matatizo.

Tatu shokapu za nyuma. Hapa kuna kipimo ambacho watu wa mbio hawaanzi kazi bila kukifanya, na nyumbani kinahitaji futi ya kupimia na watu wawili wa kukusaidia. Pikipiki ikiwa imenyanyuliwa kwa jeki hadi tairi la nyuma linaning’inia, pima kutoka ekseli kwenda juu hadi alama moja kwenye fremu. Kisha ishushe, kaa juu yake ukiwa umevaa vitu vyako vyote na mzigo wa safari ukiwa umefungwa, mwenzako mmoja aishike isianguke, mwingine apime tena palepale. Tofauti ya vipimo hivyo viwili iwe karibu theluthi moja ya safari nzima ya shokapu. Kama shokapu inashuka milimita 76, basi ukikaa na mzigo ishuke kama 25 hivi.

Ikishuka sana, nyuma imekaa chini, mbele imenyanyuka, na tairi la mbele linapoteza mshiko. Usukani unakuwa mwepesi, na usukani mwepesi kwenye spidi ni hatari. Ndiyo maana ile fasheni ya kushusha pikipiki nyuma ili ionekane imelala inawagharimu watu. Picha inapendeza, lakini shokapu inabaki haina nafasi ya kufanya kazi.

Nne beringi za usukani. Nyanyua tairi la mbele kwa jeki. Shika shokapu mbili kwa chini, vuta na sukuma mbele na nyuma. Ukisikia kitu kinagonga, beringi zimelegea. Kisha geuza usukani taratibu. Ukihisi kama unakwama katikati, beringi zimekufa, zibadilishwe. Zikilegea, usukani unacheza. Zikikazwa kupita kiasi, pikipiki inakuwa kama mlevi kwenye mwendo mdogo, haiendi pale unapotaka. Fundi ana kipimo chake cha kukaza kwenye kitabu cha kiwanda, siyo cha kukisia kwa mkono.

Tano, sasa ndiyo njoo kwenye mipira ya injini, bushi za mkono wa nyuma na vile vyuma vya kushikilia. Mpira uliopasuka au kulainika kwa mafuta unabadilishwa, hauchongewi. Pia tairi la nyuma lihakikishwe limenyooka na la mbele. Wapo wanaoongeza vyuma vya ziada vya kuzuia injini isihame pembeni, na vinasaidia, lakini ukivifunga juu ya mpira uliokufa umepaka rangi ukuta wenye ufa.

MZIGO UNAPANGWA, HAUTUPWI

Pikipiki inaweza kuwa nzima kila sehemu na bado ikayumba kwa sababu ya namna ilivyopakiwa. Boksi lile la juu nyuma ya abiria ndilo linaloharibu mambo. Liko juu na liko nyuma ya ekseli ya tairi la nyuma. Kila kilo unayoiweka pale inafanya kazi kama mtu anayening’inia kwenye mkia wa pikipiki, akiivuta mbele inyanyuke.

Vitu vizito, kama spana, maji na viatu, vikae chini kwenye mabegi ya pembeni na visogee mbele kadiri inavyowezekana. Pande mbili zilingane. Boksi la juu libaki na koti na glovu. Na kila pikipiki ina kikomo cha uzito kilichoandikwa na kiwanda, ambacho kinajumlisha dereva, abiria na mzigo. Wanandoa wawili wenye miili yao wakipanda, nafasi inayobaki ni ndogo kuliko wanavyofikiria.

Jambo hili bodaboda yeyote wa Dar es Salaam au Mombasa analijua bila kufundishwa. Funga gunia nyuma kabisa ya kiti, juu ya kile chuma cha mkia, halafu shika barabara ya lami. Mbele inakuwa nyepesi, usukani unacheza. Lisogeze gunia mbele kidogo tu na mambo yanabadilika. Fizikia ya Boxer ya kilo mia na ushee na ya Gold Wing ni moja. Kinachotofautiana ni ukubwa wa kishindo ikianguka.

MACHO NA MIKONO

Halafu kuna dereva. Nchini Marekani polisi wa pikipiki wanafundishwa kuzungusha Harley zao nzito katikati ya koni ndogo, mwendo wa mtu anayetembea, bila kuweka mguu chini. Ukiwatazama unaweza kudhani ni mazingaombwe. Jerry Palladino, askari wa zamani wa pikipiki aliyekuja kujulikana kwa video zake za mafunzo za Ride Like a Pro, anayafupisha mambo hayo kuwa matatu.

La kwanza ni macho. Pikipiki inakwenda unakotazama. Ukitazama shimo, utaingia kwenye shimo. Kwenye kona tazama inakotokea, siyo tairi lako la mbele. La pili ni klachi. Kwenye mwendo mdogo usiiachie yote, ishike pale katikati ambapo inaanza kuvuta, huku mafuta yakiwa yametulia. La tatu ni breki ya nyuma, inayokanyagwa kidogo tu muda wote wa kona ya taratibu. Klachi inavuta, breki inazuia, na katikati ya mvutano huo pikipiki inasimama wima kama imeshikwa. Breki ya mbele kwenye kona ya taratibu usukani ukiwa umekatwa, ndiyo inayowalaza watu kwenye maegesho mbele ya kadamnasi.

Kwenye spidi kubwa mchezo unageuka. Hapo mikono inatakiwa iwe laini. Dereva anayebana usukani kama anachinja kuku anauingizia usukani mtikisiko wa mwili wake mwenyewe. Pikipiki inayotembea ina nguvu ya asili ya kujinyoosha, na inahitaji nafasi ya kuifanya kazi hiyo. Mwili ushikwe na magoti na miguu, mikono ielekeze tu.

IKIANZA KUCHEZA UFANYE NINI?

Hili ndilo la kukariri, maana likitokea hakuna muda wa kupiga simu kwa fundi.

Usikanyage breki kwa nguvu. Breki ya ghafla inautupa uzito mbele kwenye tairi ambalo tayari limechanganyikiwa. Usiongeze mafuta ukidhani utaikimbia, kwa sababu mwili ukiyumba, spidi ndiyo chakula chake. Usipambane na usukani.

Punguza mafuta polepole, bila kuyakata ghafla. Bana tenki kwa magoti. Inama mbele kifua kisogee kwenye tenki, uzito urudi kwenye tairi la mbele. Legeza mikono bila kuachia. Iache pikipiki ishuke mwendo yenyewe, na mara nyingi mtikisiko unakufa spidi ikishuka. Kama una abiria, mwambie kabla ya safari kwamba siku hiyo ikitokea asihangaike, atulie na akushike kiunoni.

Ukishasimama pembeni, usijipongeze kwa kunusurika na kuendelea na safari kama vile hakuna kilichotokea. Pikipiki imekuonyesha kadi ya njano. Pima upepo hapohapo, angalia mzigo kama umehama, na endesha mwendo mdogo hadi kwa fundi akague beringi, matairi na mipira.

KAZI ISIYOONEKANA

Mashabiki wa soka wanamkumbuka N’Golo Kanté alivyobeba ubingwa wa England na Leicester 2016, akahamia Chelsea na kuubeba tena mwaka uliofuata. Hakuwa mfungaji wa mabao mengi. Alikuwa anaziba mashimo kabla hayajaonekana. Timu ikicheza vizuri, sifa zinakwenda kwa wafungaji.

Utulivu wa pikipiki nzito ndiyo uko hivyo. Mtu akipita kijiweni atasifiwa kwa mlio wa injini, rangi na taa. Hakuna atakayemuuliza beringi za usukani zilikaguliwa lini. Lakini kwenye kona ya Corkscrew, au kwenye mteremko wa barabara kuu lori likiwa linakuja, injini siyo inayoamua kama atapita salama.

Wenye pikipiki za safari wanatumia fedha nyingi kwenye mabomba ya moshi na spika. Geji nzuri ya upepo inauzwa bei ndogo kuliko kitu chochote kati ya hivyo, na inaingia mfukoni. Aanze nayo hiyo, asubuhi, kabla ya kuwasha.